Mihula mitatu ya Kiingereza katika chuo cha jamii: je, nirukie chuo kikuu moja kwa moja?

Swali

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia kwa sababu sina mtu mwingine wa kumuuliza jambo hili bila yeye kuniuliza kwanza kwa nini bado nasoma. Nina umri wa miaka 27, nina mume na mtoto mmoja, na tunaishi City Heights, San Diego, katika jimbo la California. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nikakulia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na huko ndiko nilikomalizia sekondari kwa mtaala wa Kongo na kupata diploma ya serikali. Masomo yote niliyasoma kwa Kifaransa. Kiingereza kilikuwa kipindi kimoja tu kati ya vingine, na mwalimu wetu mwenyewe alikifundisha kwa Kiswahili. Tulipofika Marekani nilianza kwa kazi ya usafi hotelini, kisha nikapata kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, ambayo ndiyo ninayoifanya hadi leo. Nyumbani sote tuna grini kadi.

Ninachotaka ni kusomea ustawi wa jamii katika San Diego State University. Nimewasindikiza majirani wengi hospitalini, shuleni na katika ofisi za serikali ili niwatafsirie, na nimeona jinsi familia zetu zinavyokosa haki zao kwa sababu tu hakuna aliyeketi nao akawaeleza karatasi zilizowekwa mbele yao. Kazi hiyo naifanya bure na bila cheo. Natamani kuifanya nikiwa nimeisomea.

Nilipokwenda kujiandikisha katika chuo cha jamii kilicho karibu nasi, yaani chuo cha umma cha miaka miwili ambacho mtu huweza kuanzia kabla ya kuhamia chuo kikuu, nilipangiwa madarasa ya ESL, yaani Kiingereza cha watu ambao si lugha yao ya kwanza. Nimemaliza mihula mitatu, kila muhula uniti 6 (uniti ndicho kipimo cha uzito wa kozi), na karibu zote zimekwenda kwenye ESL, isipokuwa uniti 3 za kozi ya makuzi ya mtoto ambayo nilipata B. Imebaki ngazi moja kabla ya kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza. Mshauri mmoja wa masomo aliniambia kwamba ni lazima niimalize ngazi hiyo. Mwingine, wiki chache baadaye na katika ofisi hiyohiyo, akaniambia kwamba naweza kuiruka. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Kinachonitia hofu zaidi ni insha yangu ya mwisho. Tuliulizwa iwapo mabasi ya mji yanapaswa kuwa ya bure. Niliandika kurasa tatu: nikaanza na umuhimu wa usafiri tangu zamani, nikaeleza jinsi watu wanavyotegemeana, nikazitaja pande zote mbili kwa heshima, na katika sentensi ya mwisho kabisa nikasema kwamba mabasi yawe ya bure kwa wanaofanya kazi usiku, kwa sababu wao ndio wasiokuwa na njia nyingine ya kufika kazini. Mwalimu aliizungushia duara sentensi hiyo, akachora mshale mrefu pembeni mwa karatasi hadi juu kabisa, akaandika "Anzia hapa", kisha akanipa C. Pale nilipotumia maneno ya makala tuliyoisoma, aliandika "Haya ni maneno ya nani?" Nilikuwa nimeyakariri kwa bidii, nikadhani atafurahi.

Baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyetupokea hapa, anasema kwamba madarasa haya ni ya kupotezea watu muda, kwa kuwa hayahesabiki, na ananipa mfano wa kijana wa rafiki yake huko Ohio aliyeingia chuo kikuu moja kwa moja na sasa anakaribia kumaliza. Kuna pia chuo binafsi cha masomo ya intaneti kinachonipigia simu karibu kila wiki, kikisema kwamba hakidai darasa lolote la Kiingereza na kwamba kitanishughulikia msaada wa serikali pamoja na mkopo ndani ya siku moja. Je, muda wangu umepotea kweli? Niache nikaombe chuo kikuu sasa hivi, nikubali hicho cha simu, au niendelee hivi hivi?

Mwanafunzi wa zamu ya usiku, San Diego

Jibu

Marahaba, binti yangu.

Nitatanguliza jibu, sababu zifuate. Usiondoke katika chuo chako, usijiandikishe katika chuo kinachokupigia simu, na usiruhusu muhula mwingine upite ukiwa unasoma Kiingereza peke yake. Hilo la tatu ndilo zito. Kiingereza ulichokisoma hakijapotea hata kidogo, ila mpango ulionao umekifanya kiwe sharti la kukamilishwa kwanza ndipo masomo mengine yaanze, ilhali sehemu kubwa ya masomo hayo ungeweza kuwa umeyaanza tangu mwaka jana.

Tuanze na lawama ya baba yako mdogo, kwa sababu ina ukweli ndani yake na hutaweza kuijibu bila kujua ukweli huo unaishia wapi. Katika vyuo vya jamii vya California kuna kozi zisizo na uniti kabisa, ambazo hazilipiwi ada na hufundisha Kiingereza cha maisha ya kila siku; kuna kozi za ESL zenye uniti, ambazo huingia katika ratiba yako na katika hesabu ya msaada wa masomo lakini nyingi haziendi nawe chuo kikuu; na kuna kozi zinazohamishika, ambazo chuo kikuu huzipokea kama sehemu ya shahada. Baadhi ya kozi za ESL za ngazi za juu huhamishika pia, ingawa kwa kipimo: University of California, kwa mfano, huzikubali hadi uniti 8 za muhula na si zaidi. Kwa hiyo ni kweli kwamba uniti zako nyingi za ESL hazitaonekana kwenye shahada. Si kweli kwamba zilikuwa bure, kwa sababu mtu aliyesoma kwa Kifaransa hadi kumaliza sekondari, kisha leo anaandika kurasa tatu za Kiingereza juu ya nauli za mabasi, hakufikia hapo kwa kukaa hotelini akifua mashuka.

Washauri wako wawili, kwa upande wao, hawakukudanganya. Mwaka 2017 California ilipitisha sheria iitwayo AB 705, na mwaka 2022 ikaiongezea nguvu kwa AB 1705, ili kukomesha desturi ya kuwapitisha wanafunzi katika mlolongo wa madarasa ya maandalizi ambayo wengi waliyaacha njiani kabla hawajagusa hata kozi moja inayohamishika. Kwa mwanafunzi wa ESL anayelenga shahada, chuo kinatakiwa kumpanga mahali panapompa nafasi kubwa zaidi ya kuikamilisha kozi ya uandishi ya kiwango cha chuo kikuu ndani ya miaka mitatu. Wewe umekwisha kutumia mwaka mmoja na nusu. Mshauri wa pili alikuwa anasoma sheria hiyo. Wa kwanza alikuwa anafuata ngazi kama idara ilivyozipanga. Na hata pale kozi inapodai ngazi ya awali, mwanafunzi ana haki ya kuwasilisha pingamizi rasmi kwa maandishi, akiambatanisha kazi zake, na chuo kikalazimika kulijibu. Haki hiyo haitangazwi sana, lakini fomu yake ipo.

Swali la kama unaweza kuiruka ngazi iliyobaki ni la kujipima zaidi kuliko la kuruhusiwa, na kipimo chake unaweza kukifanya nyumbani. Kozi unayoilenga, ambayo tangu majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka 2025 vyuo vya jamii vya California vimeanza kuipa namba moja ya pamoja, ENGL C1000, ina mwongozo wake ambao mwalimu hatakunyima ukimwandikia barua pepe ya heshima. Mwombe pia makala ya kwanza ambayo darasa hilo husoma. Isome jioni moja ambayo huna zamu, kisha andika ukurasa mmoja unaosema mwandishi anadai nini, anatoa ushahidi gani, na wewe unakubaliana naye wapi. Ukiweza kufanya hivyo bila kufungua kamusi kila mstari, jiandikishe katika ENGL C1000 pamoja na darasa la kuisindikiza ambalo vyuo vingi sasa huliambatanisha na kozi hiyo, ambamo wanafunzi hupata saa za ziada kila wiki za kusomewa rasimu zao. Ukishindwa, chukua ngazi iliyobaki bila aibu yoyote, lakini uichukue sambamba na kozi inayohamishika. Mimi, kwa hicho ulichonisimulia kuhusu insha yako, naamini utaweza.

Insha hiyo inastahili kuzungumzwa kwa utulivu. Mwalimu aliyechora mshale amekupa sifa ambayo hukuiona kwa sababu ilikuja pamoja na C. Sentensi uliyoiweka mwishoni ina kila kinachotakiwa katika dai la insha ya chuo cha Marekani: imechukua upande, imejiwekea mipaka kwa kusema wanaofanya kazi usiku badala ya kila mtu, na imetoa sababu. Shida ni kwamba msomaji ameipata akiwa amekwisha kuhukumu kwamba huna la kusema. Sisi tumelelewa katika mazungumzo yanayoanzia mbali. Mzee akisimama barazani kwanza husalimu, hushukuru, hukumbusha yaliyopita, na anayekwenda moja kwa moja kwenye shauri lake huonekana hana adabu. Msomaji wa insha ya kitaaluma kule ulipo anatarajia kinyume chake: aambiwe mwanzoni unadai nini, ndipo avumilie kukusikiliza ukithibitisha.

Sikushauri ujilazimishe kuanza na dai tangu mstari wa kwanza wa rasimu, kwa kuwa watu wengi hawajui wanachofikiri mpaka wamekwisha kuandika. Andika ulivyozoea. Ukimaliza, itafute ile sentensi ya mwisho, iondoe pale ilipo na uipandishe katika aya ya kwanza, kisha rudi chini ukiuliza kila aya inaisaidia vipi. Aya ya umuhimu wa usafiri tangu zamani haiisaidii kwa lolote; ifute. Aya ya watu kutegemeana pengine inaweza kuokolewa, iwapo utaacha kusema watu kwa ujumla na kumleta mtu mmoja anayetoka zamu saa nane za usiku, akaeleza basi la mwisho lilipita saa ngapi na nauli ya gari la kukodi inakula kiasi gani cha mshahara wa zamu hiyo. Mambo hayo unayajua kuliko yeyote katika darasa lako. Halafu mlete mpinzani mwenye nguvu, yule anayeuliza gharama itatoka kwenye mfuko gani, na umjibu. Kuzitaja pande zote mbili kwa heshima kisha kuziacha zimesimama hapo hakutoshi, hata kama kunaonyesha malezi mema.

Lile swali la pembeni, "Haya ni maneno ya nani?", ulichukulie kwa uzito kuliko ile C. Katika shule nyingi za kwetu, na hapa nasema Tanzania sawasawa na Kongo, mwanafunzi hodari ni yule anayeyarudisha maneno ya ubaoni yakiwa kamili, na mwalimu humpongeza. Katika vyuo vya Marekani kuyaweka maneno ya mwingine bila alama za kunukuu na bila kumtaja mwenyewe huhesabiwa kuwa wizi wa kitaaluma, na adhabu yake inaweza kuanzia sifuri katika insha hadi jina lako kupelekwa katika ofisi ya nidhamu. Mwalimu wako amekuuliza kwa upole. Kuanzia sasa, unaposoma makala, ifunge kwanza ndipo uandike kwa maneno yako alichosema mwandishi, kisha uifungue tena kuhakikisha hukumsingizia, na utaje jina lake hata pale ambapo hukunukuu neno hata moja. Vivyo hivyo kuhusu programu za kompyuta zinazoandika insha kwa mtu aliyechoka. Najua hali ya mtu anayefika nyumbani alfajiri akiwa na insha ya kuwasilisha mchana, lakini utakapofika darasani na kuulizwa kuhusu aya usiyoijua utaumia zaidi kuliko kuomba siku mbili za nyongeza. Nenda kwenye kituo cha uandishi cha chuo chako, ambako msaada ni wa bure, na uende na rasimu mbaya. Hiyo ndiyo wanayoitaka.

Sasa twende kwenye ramani, ambayo huchorwa kwa kuanzia chuo kikuu na kurudi nyuma. San Diego State University ni sehemu ya mfumo wa California State University, na anayehamia huko kuingia mwaka wa tatu anatakiwa awe na uniti 60 zinazohamishika, zikiwemo kozi nne ambazo washauri huziita nne za dhahabu: uandishi, mawasiliano ya mdomo, fikra makini na hesabu. Kwa namba mpya utazikuta kama ENGL C1000, COMM C1000, ENGL C1001 na, kwa fani yako, STAT C1000, yaani utangulizi wa takwimu. Unaona mara moja kwamba mbili kati ya nne ni uandishi, jambo ambalo anayekuambia uachane na Kiingereza hakulihesabu. Unaona pia kwamba mbili nyingine huhitaji kuzisubiri. COMM C1000 ni kozi ya kuhutubia, na mtu ambaye amesimama mbele ya madaktari akiwatafsiria majirani hapaswi kuiogopa. Takwimu ina maandishi mengi kuliko hesabu ulizozoea, lakini namba hazina lafudhi. Ongeza PSYC C1000, utangulizi wa saikolojia, ambayo utaihitaji kwa vyovyote. Lenga C kamili au zaidi katika kila mojawapo, kwa sababu C yenye alama ya kutoa huweza kukusumbua unapohama.

Mwulize mshauri wako juu ya stashahada ya kuhamia chuo kikuu katika fani ya ustawi wa jamii. Stashahada za namna hii zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2010, na anayeimaliza huhakikishiwa nafasi katika mfumo wa California State University, tena bila kudaiwa zaidi ya uniti 60 nyingine pale fani zinapolingana. Uhakika huo ni wa mfumo mzima na si wa kampasi moja, kwa hiyo omba San Diego na usiiombe peke yake. Ulinganifu wa kozi kati ya chuo chako na vyuo vikuu vya umma vya California umeandikwa katika tovuti iitwayo ASSIST, ambayo iko wazi kwa kila mtu; chapisha ukurasa wa fani yako na uende nao kwa mshauri, ili mazungumzo yafanyike juu ya karatasi badala ya kumbukumbu. Chukua na nakala ya diploma yako ya Kongo, kwa kuwa pale kampasi inapodai lugha ya pili, aliyesomea sekondari kwa lugha isiyo Kiingereza mara nyingi huhesabiwa kuwa amelitimiza sharti hilo.

Kuhusu muda nitakuwa mkweli hata kama hutapenda. Uniti moja huhesabiwa kuwa saa tatu za kazi kwa wiki, darasani na nyumbani kwa pamoja, kwa hiyo uniti 12 ni saa 36, na ukizijumlisha na saa 40 za zamu za usiku hakuna mwili wa kuzibeba, achilia mbali mtoto. Uniti 9 kwa muhula, pamoja na kozi moja wakati wa kiangazi, zinakupa uniti 21 kwa mwaka, na kwa kuwa umebakiza 57, unahitaji karibu miaka mitatu. Ukipunguza zamu na kufikia uniti 12, itashuka hadi miaka miwili na kidogo, na hapo utaweza pia kuomba kuingia katika EOPS, mpango uliopo katika vyuo hivyo tangu mwaka 1969 kwa wanafunzi wa kipato cha chini, ambao hutoa washauri wake wenyewe, msaada wa vitabu na nafasi ya kujiandikisha mapema, ila kwa kawaida hudai uniti 12 wakati wa kujiunga. Ketini na mume wako mlihesabu hili kwa fedha taslimu, kwa sababu zamu moja iliyopunguzwa kwa wiki inaweza kurudi kupitia msaada ulioongezeka.

Fedha zenyewe ziko hivi. Ada ya chuo cha jamii California ni dola 46 kwa uniti, na mkazi wa kipato cha chini husamehewa ada hiyo akiomba. Msaada wa Pell, ambao ni wa serikali kuu ya Marekani na kwa mwaka wa masomo 2025/26 unafikia hadi dola 7,395 kwa anayesoma kwa muda wote, yaani uniti 12 kwa muhula, haurudishwi, lakini una kikomo cha mihula 12 ya muda wote katika maisha yako. Mihula yako mitatu ya uniti 6, kama uliipokelea Pell, imekula sawa na muhula mmoja na nusu. Miaka mitatu ya uniti 9, pamoja na viangazi, itakula kama mihula mitano na robo, na utakapohamia chuo kikuu utakuwa bado na zaidi ya mitano, wakati unaohitaji pale ni minne. Inatosha, mradi usiitumie kwingine. Jaza FAFSA, yaani fomu ya kuombea msaada huo, kila mwaka kuanzia Oktoba, na uiwahi tarehe 2 Machi kwa ajili ya misaada ya jimbo.

Kuomba chuo kikuu sasa hivi kungekurudisha nyuma. Ungeomba ukiwa na diploma ya nje na uniti 3 tu zinazohamishika, ungetakiwa kwa kawaida kuthibitisha Kiingereza chako kwa mtihani kama TOEFL au IELTS, na ukifaulu kuingia ungelipia kozi zilezile kwa bei kubwa: ada ya mfumo wa California State University kwa mwaka 2025/26 ni dola 6,450, kabla ya ada za kampasi, ilhali uniti 30 za chuo chako kwa bei kamili ni dola 1,380. Kijana wa Ohio sina ugomvi naye. Muulize tu baba mdogo kama alimaliza sekondari hukohuko Marekani, kwa sababu wengi wanaoingia chuo kikuu moja kwa moja ndiyo njia waliyopitia, na wewe hukuipata. Nenda kwake na karatasi ya ASSIST na hesabu ya miaka mitatu, mwonyeshe kozi kwa kozi. Mtu aliyekupokea ugenini ana haki ya kuonyeshwa mpango, na nadhani kinachomtisha ni kutouona mwisho wake kuliko Kiingereza chenyewe.

Wale wa simu, mwisho. Chuo kinachodai kukushughulikia msaada na mkopo ndani ya siku moja kabla hakijauliza unataka kusomea nini kinaitafuta Pell yako, na mkopo utabaki kwa jina lako hata kama uniti zake hazitapokelewa popote. Wakipiga tena, waombe wakutumie kwa maandishi mambo mawili: jina la chombo kilichowapa ithibati, na orodha ya kozi zao ambazo San Diego State University imekubali kuzipokea. Barua yao ikija, ipeleke katika ofisi ya udahili ya chuo kikuu hicho wakusomee. Isipokuja ndani ya wiki, zuia namba yao na ulale, maana una zamu.